Ada ya Kumwona Daktari: Nani Alipe, na Siku Gani

Ada ya kumwona daktari ni fedha anayolipa mgonjwa dirishani kabla hajaingia chumba cha tabibu. Haijumuishi dawa, vipimo wala kitanda. Hayo yana bei zake na hufuata baadaye. Hii ni ya kuandikishwa, kufunguliwa faili na kusikilizwa. Katika zahanati na vituo vya afya vya serikali huwa ni kiasi kidogo, na hutofautiana kati ya halmashauri moja na nyingine. Hospitalini hupanda kadiri ngazi inavyopanda, kwa daktari bingwa hupanda zaidi, na hospitali binafsi hujipangia zenyewe. Udogo wa ada hiyo huko chini ndio uliowafanya watunga sera wengi waione ni jambo jepesi. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: mgonjwa asidaiwe fedha siku anayougua ili tu aonwe. Huduma ni lazima ilipiwe, tena ilipiwe vizuri, lakini ilipiwe na jamii nzima wakati watu wakiwa wazima.

Nitaanzia Mbwawa, kata ya Halmashauri ya Mji wa Kibaha mkoani Pwani. Kiutawala ni mjini. Kimaisha, kaya nyingi za huko bado zinategemea shamba kama jirani zao wa Kisarawe: korosho, mihogo, mananasi, maembe, minazi, na juu yake vibarua na biashara ndogondogo. Fedha ya korosho huingia kuelekea mwisho wa mwaka. Malaria hushamiri wakati wa masika na baada yake, miezi ambayo hela ya korosho imekwisha na mahindi bado yako shambani. Kwa mkulima wa namna hiyo, shilingi 5,000 ya Novemba na shilingi 5,000 ya Mei hazina uzito mmoja. Mtu wa mshahara wa kila mwezi hulisahau hili kwa urahisi anapokaa kupanga ada.

Anayeugua Mbwawa huanzia zahanati, na huko mara nyingi atahudumiwa na tabibu au muuguzi. Likishindikana, rufaa hupanda: kituo cha afya, hospitali ya halmashauri, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Tumbi, na mwisho Hospitali ya Taifa ya Muhimbili. Kila ngazi ina dirisha lake la malipo, na kila safari ina nauli yake ya bodaboda na daladala, ya mgonjwa na ya anayemsindikiza. Kwa hiyo ada haimkuti mgonjwa mikono mitupu tu. Inamkuta ameshaanza kutumia fedha ambazo pengine amekopa.

Tumbi yenyewe inafundisha jambo kuhusu nani alipe. Ilianza kama kituo cha afya ndani ya Mradi wa Nordiki wa Tanganyika, ulioasisiwa mwaka 1963 kwa msaada wa Denmark, Finland, Norway na Sweden, pamoja na shule ya sekondari na chuo cha wakulima. Mwaka 1970 mradi ulikabidhiwa serikali ya Tanzania, nao ndio Shirika la Elimu Kibaha la leo. Kwa kuwa iko kando ya barabara ya Morogoro, Tumbi hupokea majeruhi wengi wa ajali. Majeruhi aliyepoteza fahamu haulizwi pochi yake iko wapi; damu inazuiwa kwanza, hesabu zinafuata. Kwake yeye tumeshakubali kwamba malipo yasitangulie matibabu. Mtoto mwenye homa ya siku ya tatu naye anaelekea kulekule, ila kwa mwendo wa polepole, na ule upole wa mwendo ndio unaotufanya tuone ni sawa mama yake asimamishwe dirishani.

Ada ilivyoingia

Historia ya malipo ya tiba katika ukanda huu haikuanza na serikali huru. Katika miaka ya 1890 mfanyabiashara Sewa Haji Paroo, mtu wa Bagamoyo, alitoa mali yake kujenga hospitali Dar es Salaam iliyobeba jina lake kwa miaka mingi. Enzi ya Mwingereza huduma ziligawanywa kwa rangi: Mzungu, Mhindi na Mwafrika kila mmoja na wodi yake na bei yake. Misheni, ambazo vijijini ndizo zilizokuwa zikitegemewa zaidi, nyingi zilitoza kidogo kidogo ili ziweze kujiendesha. Zanzibar baada ya Mapinduzi ilikwenda moja kwa moja: Machi 1964 Rais Abeid Karume alitangaza matibabu kuwa bure.

Bara, baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, tiba katika vituo vya serikali ilitolewa bila malipo, na zahanati zikaenea vijijini kwa kasi ambayo nchi nyingi za Afrika hazikuifikia. Mwaka 1977 tiba ya binafsi ya kutafuta faida ilipigwa marufuku. Ikaruhusiwa tena mwaka 1991. Katikati ya hiyo miaka kulikuwa na vita vya Kagera, bei ya mafuta, kushuka kwa bei za mazao, na hazina iliyokauka. Kufikia miaka ya 1980 mgonjwa wa bure alikuwa akitumwa akanunue sindano na pamba. Huduma ya bure isiyo na dawa ilikuwa imeshakuwa na bei; ilikuwa inalipwa dukani badala ya dirishani.

Mwaka 1987 Benki ya Dunia ilitoa waraka ulioshauri nchi maskini zitoze wagonjwa, na mwaka huohuo mawaziri wa afya wa Afrika walikubaliana mjini Bamako kwamba mauzo ya dawa yaendeshe vituo vya msingi. Tanzania ilianza uchangiaji wa gharama Julai 1993, kwa awamu, hospitali kubwa kwanza kisha za wilaya. Zahanati na vituo vya afya vilifuata baadaye, sambamba na Mfuko wa Afya ya Jamii uliojaribiwa Igunga katikati ya miaka ya 1990 na kuwekewa sheria mwaka 2001. Walioleta uchangiaji hawakuwa watu wakatili. Walikuwa na hospitali zisizo na glavu, na waliona kila senti ingesaidia. Nadhani walikosea kuhusu mahali pa kuitafuta hiyo senti, na kosa hilo linaonekana zaidi katika kile walichokiweka pembeni ya ada kama kinga ya wanyonge: msamaha.

Msamaha na kasoro zake

Kwa sera, mjamzito halipi, mtoto wa chini ya miaka mitano halipi, mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo halipi. Kifua kikuu, ukoma, UKIMWI na magonjwa ya akili hutibiwa bure, na asiye na uwezo kabisa anaweza kusamehewa kwa barua. Ukisoma orodha hii harakaharaka utadhani hakuna maskini aliyeachwa nje. Ndiyo maana kila anayetetea ada huitaja kwanza.

Tuanze na msamaha wa magonjwa. Mtu wa Mbwawa anayekohoa kwa wiki tatu hajui kama ana kifua kikuu. Anajua ana kikohozi. Dawa za kifua kikuu ni bure, lakini ili aambiwe ni kifua kikuu inabidi aonwe, na kuonwa ndiko kunakolipiwa. Msamaha umewekwa nyuma ya mlango ambao ada imeufunga. Anayeshindwa kulipa atanunua dawa ya kikohozi kwenye duka la dawa muhimu, atarudi nyumbani, na ataendelea kuwaambukiza wanaolala chumba kimoja naye. Hasara ya hapo haimhusu yeye peke yake, kwa hiyo hata anayeamini kwamba kila mtu abebe gharama zake anapaswa kuikataa ada ya namna hii.

Jambo hili lilipimwa Nairobi. Desemba 1989 Kenya ilianzisha ada, nayo ikaikuta kliniki kubwa ya magonjwa ya zinaa mjini humo, wakati UKIMWI ukienea. Katika kipindi cha ada, mahudhurio ya wanaume yalishuka hadi asilimia 60 hivi ya yalivyokuwa, na ya wanawake hadi kama asilimia 65. Ada ya wagonjwa wa nje ilisitishwa mwaka 1990, ikarudishwa baadaye kwa sura nyingine. Wagonjwa waliopotea katika miezi hiyo hawakuwa wamepona.

Kasoro ya pili ni ya hesabu, nayo kwangu ndiyo kubwa kuliko zote. Mgonjwa akisamehewa, nani anailipa zahanati? Kwa muda mrefu jibu limekuwa: hakuna. Mgonjwa anayelipa huacha fedha. Mwenye bima huacha fomu ya madai. Aliyesamehewa huchukua glavu, dawa na muda wa mtumishi bila kuacha chochote cha kununulia vingine. Mganga mfawidhi mwenye watoto na wajawazito wengi katika eneo lake ana wagonjwa wengi na mapato kidogo. Hana nia mbaya, ila mfumo umempa sababu ya kuukwepa msamaha kila anapoweza. Ndipo mjamzito, ambaye kwa sera halipi, anapoambiwa aje na glavu zake, wembe na karatasi ya kujifungulia. Utafiti uliochapishwa na taasisi ya utafiti ya REPOA mwaka 2004 kuhusu ada na usawa nchini ulionyesha kwamba misamaha hii haikuwa ikiwalinda maskini ilivyokusudiwa. Sishangai. Msamaha usio na mlipaji ni deni lililohamishiwa kwenye kituo chenyewe.

Mkoa wa Pwani una ushahidi wake wa upande wa pili. Mwaka 2011 ndiko kulikojaribiwa mpango wa kulipa vituo kulingana na matokeo, kwa ufadhili wa Norway. Kituo kilichopandisha idadi ya wanaojifungulia hapo kilipokea fedha zaidi. Watafiti walipolinganisha na maeneo jirani walikuta uzazi wa vituoni umeongezeka kwa kama pointi 8 za asilimia, na uwezekano wa mama kutozwa fedha wakati wa kujifungua umepungua. Mpango ule ulikuwa na matatizo yake, lakini ulithibitisha jambo moja muhimu: kituo kikipata fedha kwa ajili ya mtu asiyelipa, kinaacha kumdai.

Kuhusu barua ya asiye na uwezo nitasema kwa kifupi. Mgonjwa anakwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, kisha kwa mtendaji, kisha kwa afisa ustawi wa jamii wa hospitali, akitangaza umaskini wake kila ofisi. Wengi huona afadhali wakope kwa jirani.

Hoja za wanaotetea ada

Hoja ya kwanza ni mapato. Tafiti za miaka ya 1990 katika nchi nyingi za Afrika zilikuta ada zikileta wastani wa kama asilimia 5 ya matumizi ya kawaida ya serikali katika afya, kabla hata ya kutoa gharama za kuzikusanya. Wastani huo unaficha jambo ambalo lazima lisemwe: kwa mganga mfawidhi, hizo fedha chache ndizo zilizo mkononi. Fungu kutoka juu likichelewa, hela ya dirishani ndiyo inayonunua sabuni, inayomlipa mlinzi na kulipia umeme wa jokofu la chanjo. Anayetaka kuifuta ada bila kujibu swali la jokofu hajamaliza kufikiri.

Hoja ya pili ni kwamba cha bure hakithaminiwi, kwa hiyo bei ndogo huchuja wasio na shida ya kweli. Kenya ilitoa majibu mawili makini. Busia, wazazi walipotakiwa kuchangia dawa za minyoo za shuleni kwa kiasi kidogo sana, waliozipata walishuka kutoka robo tatu ya wanafunzi hadi chini ya robo. Magharibi ya Kenya pia, chandarua cha wajawazito kilipopandishwa kutoka bure hadi shilingi 40 za Kenya, waliokichukua walipungua kwa pointi 60 za asilimia, na waliolipa hawakukitumia zaidi ya waliopewa bure. Hata Marekani, katika jaribio kubwa la bima lililoanza miaka ya 1970 chini ya taasisi ya RAND, waliotakiwa kuchangia walipunguza ziara zenye manufaa karibu sawa na zisizo na manufaa. Mgonjwa hawezi kujichuja mwenyewe. Angejua ugonjwa wake ni mdogo au mkubwa, asingemhitaji tabibu.

Isitoshe, mkulima wa Mbwawa ameshalipa bei nyingine. Asubuhi nzima ya benchi la zahanati ni kibarua alichokikosa. Hakuna anayekaa pale kwa starehe.

Hoja ya tatu ina uzito zaidi: bila ada, watu wataruka zahanati na kujazana Tumbi. Kuruka ngazi ni tatizo la kweli, na kumtoza zaidi anayekwenda hospitali ya rufaa bila barua ya rufaa ni utaratibu unaoeleweka. Lakini ni wa haki pale tu zahanati inapokuwa na tabibu, kipimo cha malaria na dawa mseto. Mtu anayekwenda Tumbi kwa sababu zahanati ilikuwa imefungwa saa za jioni anaadhibiwa kwa kosa la mwingine.

Majirani walivyofanya

Uganda ilifuta ada katika vituo vya serikali Machi 2001, siku chache kabla ya uchaguzi wa rais, ikabakiza malipo katika wodi za binafsi za hospitali. Wagonjwa waliongezeka sana, na walioongezeka zaidi ni maskini, yaani watu waliokuwa wakiumwa nyumbani kimya. Lakini uchambuzi wa miaka iliyofuata ulikuta kaya maskini bado zikifilisika kwa ugonjwa, kwa sababu dawa ziliisha vituoni na watu wakanunua madukani. Serikali iliongeza fedha, ila hazikutosha. Nauona mfano wa Uganda kuwa ndio wenye funzo kubwa kuliko wote wa Afrika Mashariki, kwa wanaotaka kufuta ada na kwa wanaotaka kuibakiza.

Kenya ilipunguza kwanza: mwaka 2004 ada ikawa shilingi 10 kwa zahanati na 20 kwa kituo cha afya, kisha Juni 2013 ikaondolewa katika ngazi hizo pamoja na gharama za uzazi. Burundi iliwafutia ada wanaojifungua na watoto wa chini ya miaka mitano mwaka 2006. Rwanda ilishika njia ya mifuko ya jamii yenye michango kwa uwezo wa kaya, maskini kabisa wakilipiwa, na bado mwenye kadi hulipa kiasi kidogo anapofika kituoni. Na huko Uingereza, nchi inayotajwa kila mara kama mfano wa tiba ya bure tangu mwaka 1948, ada ya miwani na meno ya bandia iliingizwa mwaka 1951, na Aneurin Bevan, waziri aliyeijenga huduma hiyo, akajiuzulu serikalini kuipinga. Alijua dirisha la malipo likishafunguliwa ni vigumu kulifunga.

Bima: ada inayolipwa na mwingine

Tanzania imechagua bima. Mtumishi wa umma hukatwa asilimia 3 ya mshahara, mwajiri huongeza 3, na kadi ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya humhudumia yeye, mwenzi na wategemezi hadi wanne. Mwaka 2018 Mfuko wa Afya ya Jamii uliboreshwa, kaya ya watu sita ikichangia shilingi 30,000 kwa mwaka. Hata hivyo, wakati Bunge linapitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote Novemba 2023, waliokuwa na bima ya aina yoyote walitajwa kuwa kama asilimia 15 tu ya Watanzania.

Tazama matokeo yake katika foleni moja. Mwalimu mwenye kadi anapita dirishani bila kutoa shilingi. Mkulima nyuma yake, ambaye kipato chake ni kidogo na hakitabiriki, anatoa fedha taslimu. Mfumo uliojengwa kwa jina la kuchangia unamdai taslimu yule aliye dhaifu zaidi. Sijawahi kusikia hoja inayohalalisha hilo.

Bima haiondoi ada, inambadilisha mlipaji. Hilo lilionekana wazi Machi 2024, hospitali binafsi ziliposusia kwa muda kuwahudumia wanachama wa Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya zikipinga bei za kitita kipya cha mafao. Daktari ana bei yake, na mtu fulani lazima ailipe. Uzuri wa bima ni kwamba bei hiyo hujadiliwa kati ya taasisi mbili zenye nguvu, mezani, na si na mama aliyebeba mtoto wa homa.

Kwa Mbwawa, bima itafanya kazi kama mchango utafuata msimu. Mwenye korosho achangie korosho zinapouzwa, na mwenye mananasi naye wakati wake. Kaya isiyo na uwezo ilipiwe na mfuko ambao sheria ya mwaka 2023 imeuandalia vyanzo, ukiwamo ushuru wa vinywaji vyenye gesi, pombe, vipodozi na michezo ya kubahatisha. Na kadi imkute mtu dawa ziko kabatini. Mfuko wa Afya ya Jamii ulipoteza wanachama wengi kwa sababu walioonyesha kadi waliambiwa dawa zimeisha, na mtu aliyeambiwa hivyo mara mbili halipi mwaka wa tatu.

Lakini bima ya wote itachukua miaka kuwafikia wote, na zahanati haiwezi kungoja. Kwa ngazi ya zahanati na kituo cha afya, ada ya kuonwa ifutwe sasa kwa kila mtu, si kwa makundi yaliyoorodheshwa, na kituo kilipwe na serikali kwa idadi ya waliohudumiwa. Njia ya kupitishia fedha hizo ipo: tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za wafadhili na serikali hupelekwa moja kwa moja kwenye akaunti za vituo, na kila kituo kina kamati yake ya usimamizi yenye wananchi ndani. Takwimu nazo zipo. Vitabu vya MTUHA, yaani vya mfumo wa taarifa za afya, katika kila zahanati huandika umri, jinsia na tatizo la kila anayehudhuria, wakiwamo wote waliosamehewa. Halmashauri inapopanga bajeti, izidishe mahudhurio hayo kwa gharama ya kumhudumia mtu mmoja, iupe msamaha fungu lake lenye jina, na fedha ziwe zimefika kwenye akaunti ya zahanati kabla masika hayajaanza.